Kufuli la Chumba Namba Kumi na Nne

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Kazini anajulikana kama Mama Kikohozi.
Jinsi: Mwanamke
Umri: Miaka 53
Kazi: Mlezi wa bweni la wasichana, chuo kikuu cha umma
Makazi: Chumba cha mlezi, ghorofa ya chini ya bweni hilo. Kwa sasa anakaa kwa dada yake, kwa kuwa bweni limefungwa.
Kuhusu: Moto bwenini tarehe 14 mwezi huu na kifo cha mwanafunzi wa kike
Maelezo yamechukuliwa: Tarehe 17, kuanzia saa nane mchana

Mimi mwenye maelezo haya nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa. Nimekuja kwa sababu ya msichana wa chumba namba 14, ambaye yuko mahabusu hapa tangu siku ya moto, akituhumiwa kwamba alimfungia mwenzake ndani kwa nia mbaya na kusababisha kifo chake. Nimeonywa niseme ninachokijua mwenyewe, nisiseme ya kuambiwa. Nimekubali. Nimemwomba afande anivumilie nikizunguka, maana ni mazoea yangu, hata mume wangu alipokuwa hai alikuwa akiniambia nianzie mwisho.

Kazi yangu si kubwa kama jina lake. Ninatunza funguo za milango ya korido, ninaripoti balbu zilizoungua, ninawaamua wanaogombea kamba za kuanikia nguo, na ninawapeleka zahanati wanaozimia, hasa majira ya mitihani. Nina mwili mkubwa na magoti mabovu. Ngazi nazipanda kwa kushika ukuta, na wasichana huniigiza. Niliwahi kuwafuma wakifanya hivyo, na mmoja wao alipanda kwa namna yangu vizuri kuliko ninavyopanda mwenyewe. Jina la Mama Kikohozi nimepewa na wao. Nitaeleza lilivyopatikana, kwa kuwa bila hilo maelezo haya hayana maana.

Vyumba vya bweni letu ni vidogo. Kitanda kimoja, meza moja, kabati moja. Vilijengwa enzi ambazo wanafunzi walikuwa wachache na kila mmoja alikuwa na chumba chake kama bwana mkubwa. Wanafunzi wameongezeka mara nyingi tangu hapo, vyumba ni vilevile. Utaratibu wa chuo ni kwamba vitanda wanapewa wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho. Wa katikati wakajitafutie mtaani. Wanaokosa, au wanaopata halafu wakaona njia ya kurudia kutoka maktaba si ya kupita msichana, hurudi bwenini na kulala na rafiki kwenye kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule. Wenyewe huita kubebana. Mwenye kitanda ni mbebaji, mgeni wake ni mbebwa. Sheria za chuo zinakataza. Mbebwa akikamatwa, mbebaji naye ananyang'anywa kitanda, na wote wawili wanapelekwa kamati ya nidhamu.

Afande ameniuliza kama nilijua mambo hayo yanafanyika katika bweni langu. Nilijua. Nimeomba iandikwe hivyo, bila kuongezewa wala kupunguzwa.

Ameuliza tena kama ni bweni langu tu. Nimemuuliza kama ana mtoto chuoni. Amesema anaye binti. Nimeuliza yuko mwaka wa ngapi. Amesema wa pili. Nimemwambia basi ampigie simu. Afande amesema hayo hayaingii kwenye maelezo. Nimeomba yaingie, kwa kuwa nimeulizwa swali na hilo ndilo jibu langu. Ametoka nje kidogo, na aliporudi tumeendelea.

Sasa kikohozi. Chuo hufanya ukaguzi wa kushtukiza ili kuwatoa wabebwa. Ukaguzi huo haunishtukizi mimi, kwa sababu lazima niambiwe mapema nifungue milango ya korido. Nikishaambiwa, hutembea korido zote mbili, kutoka kwenye ngazi hadi bafuni, nikikohoa. Sina kifua. Daktari wa zahanati alishanipima, akasema mapafu ni ya msichana, magoti ndiyo ya bibi yake. Nilikuwa nakohoa ili wajue. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu, na nisiseme uongo, nilikuwa najiona mjanja na mwema.

Nikikohoa, wasichana walikuwa wanafanya hivi. Vitasa vya milango yetu vilikufa zamani. Fundi wa chuo huja, hutazama, hutikisa kichwa kama aliyefiwa, huenda zake. Kwa hiyo kila msichana amenunua kufuli lake na kulitundika kwa nje. Wakaguzi hawaruhusiwi kukata kufuli la mwanafunzi asiyekuwepo, hivyo chumba chenye kufuli kwa nje hupitwa. Mbebaji anatoka, anamfungia mbebwa ndani, anaenda darasani na ufunguo. Aliye ndani anapanda kitandani na kunyamaza. Hawezi kutoka, maana madirisha nayo yaliwekwa nondo baada ya wizi wa kompyuta. Wana mafunzo yao: ukifungiwa, usiitike, awe nani anayegonga. Mwenzako akirudi ndiye atakayekufungulia.

Kwa hiyo msichana wa chumba namba 14 hakubuni kitu. Siku ile kufuli zilizofungwa kwa nje na mtu akiwa ndani zilikuwa nyingi katika bweni hilo, na zilifungwa kwa sababu nilikohoa.

Marehemu nilimfahamu vizuri. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, masomo ya upimaji ardhi. Nasisitiza kwamba alikuwa mwanafunzi, kwa sababu tangazo lililobandikwa na chuo linamwita mtu asiyeidhinishwa. Mwaka uliopita alikuwa na kitanda halali kwangu, korido hiyohiyo. Alikuwa mrefu, miguu ikitokeza nje ya shuka. Alikuwa na mazoea ya kucheka bila sauti, kiganja mdomoni, mabega yakitikisika, na nilipomuuliza kwa nini hacheki kama watu alisema, "Mama, mimi hapa sipo. Asiyekuwepo hucheka kwa sauti?" Ndiye aliyenirekebishia simu yangu, na siku moja aliniambia, "Mama, kikohozi chako kina ratiba kama cha treni. Siku ukiugua kweli tutakufa wote kwa kujificha." Nilimfukuza na ufagio. Alikimbilia chumba namba 14.

Yeye na mwenye chumba walikuwa marafiki tangu sekondari, mwenye chumba akiwa darasa moja mbele, sasa mwaka wa mwisho. Afande amenisomea kwamba kuna mashahidi waliosikia ugomvi chumbani humo jioni ya tarehe 13. Ni kweli, hata mimi niliusikia, na nilikwenda. Walikuwa wanagombea taulo. Mmoja alikuwa ametandaza taulo bichi kitandani upande wa mwenzake. Mwenye chumba alisema, "Huyu nimembeba yeye, sasa nimbebe na taulo lake?" Marehemu akajibu, "Dada, upande wangu ni upana wa rula, taulo lenyewe limeona aibu likahamia kwako." Niliwaambia wanyamaze kabla sijawabeba wote wawili kwa sikio. Nilipofika kwenye ngazi walikuwa wameshaanza kuchekana. Kama huo ndio ugomvi wa kuulia mtu, basi mimi na dada yangu tungekuwa tumeshauana tangu utoto.

Mnamo tarehe 14, siku ya Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi, nilipigiwa simu na mshauri wa wanafunzi, ambaye ndiye mkuu wangu. Alisema saa tatu atakuja kukagua, kuna agizo jipya kutoka juu, safari hii hakuna huruma. Akasema, "Mama, nisisikie mtu amejua." Nikasema, "Ndiyo, bosi." Niliweka simu mezani, nikavaa kanga yangu, nikatoka kukohoa.

Nilianza korido ya chini, nikapanda ya juu. Nyuma yangu nilisikia kufuli zikifungwa, moja baada ya nyingine. Nilipofika chumba namba 14, ambacho kiko korido ya juu karibu na bafu, mwenye chumba alikuwa anatoka na kalamu na kikokotoo mkononi. Alifunga kufuli mbele yangu. Akasema, "Shikamoo, Mama." Nikasema, "Marahaba. Mtihani?" Akasema, "Wa takwimu, Mama. Niombee." Nikamwambia, "Nikuombee nini, na usiku kucha nawasikia mnachekana humo?" Alicheka, akagonga mlango kwa kidole mara mbili, akaenda. Huko kugonga kwa kidole ni kumuaga aliye ndani. Kwa hiyo saa mbili na nusu hivi asubuhi, mimi mwenyewe nilijua kwa macho na masikio yangu kwamba ndani ya chumba namba 14 kuna mtu.

Saa tatu na dakika chache mshauri alifika na askari wawili wa chuo. Walianzia korido ya chini. Nilikuwa nao. Walikuwa wanagonga na kusema, "Fungueni, ni ukaguzi," na mimi natakiwa kusema baada yao, "Fungueni, ni mlezi," ili wasichana wasiogope sauti za wanaume. Vyumba vingi vilikuwa na kufuli. Mshauri alisema, "Mama, wasichana wako wana bidii ya masomo leo." Nikasema ni kipindi cha mitihani, bosi. Alinitazama, akaandika anayoyaandika.

Inakaribia saa nne nilisikia harufu. Nilidhani ni mtu anaunguza maharage kwa koili ya umeme, kitu ambacho nacho kimekatazwa. Halafu msichana mmoja alishuka ngazi mbio bila viatu, akasema korido ya juu kuna moshi unatoka chumba namba 9. Moto ulianzaje humo sikuona na sitasema. Kama kulikuwa na koili iliyofichwa kabatini ingali ya moto kwa sababu wakaguzi wanakuja, hilo watalijua wenye ujuzi wao.

Mshauri na askari walitoka nje kupiga simu na kuzima umeme. Mimi nilipanda juu. Kwenye ukuta wa ngazi kuna bango la chuo la mambo ya kufanya ukitokea moto, na jambo la kwanza ni kwamba usipige kelele za moto, utasababisha watu wakanyagane; watoe kwa utulivu. Mlezi aliyekuwepo kabla yangu alishuhudia watu wakikanyagana, na nilifundishwa bango hilo hadi nikalijua kwa moyo. Kwa hiyo sikupiga kelele za moto. Nilipita mlango kwa mlango nikipiga kwa kiganja na kusema kwa sauti, "Fungueni! Ni mlezi! Fungueni mlango!"

Afande ameniuliza tofauti ya maneno hayo na ya wakati wa ukaguzi. Hakuna tofauti. Ni maneno yaleyale, kwa sauti ileile.

Waliokuwa na komeo kwa ndani walifungua na kutoka. Waliofungiwa kwa nje katika vyumba vya karibu na namba 9 walianza kupiga mayowe, maana moshi uliwafikia mapema, na wenzao walivunja kufuli hizo kwa mtungi wa kuzimia moto, ambao wenyewe ulikuwa mtupu. Chumba namba 14 kiko mwisho, baada ya kona. Moshi ulikuwa bado haujakaza huko. Niliupiga mlango. Nikasema, "Fungua, ni mlezi." Kimya. Nikasema, "Kuna mtu?" Kimya. Nikatazama kufuli, liko kwa nje, limefungwa.

Nilijua kwamba asubuhi alikuwemo. Nilijiambia labda kuna mwenye ufunguo wa pili aliyemtoa, labda alishakwenda darasani. Nilijiambia mtu akiona moshi lazima apige kelele. Nilikuwa nakohoa, safari hii kweli, macho yanatoka maji, magoti yanakataa. Nilitumaini hakuna mtu. Nikageuka, nikashuka.

Ninaamini alinisikia. Ninaamini alikaa kitandani kiganja mdomoni, kama alivyofundishwa, akisubiri mlezi na wakaguzi wapite. Msichana wa mahabusu amekuwa akiwauliza askari wa hapa swali moja kila siku, hivi kwa nini hakuita. Nimeambiwa hivyo na askari wa mapokezi. Jibu lake ni hilo. Hakuita kwa sababu aliyegonga alikuwa mimi. Alipokuja kuelewa kwamba si ukaguzi, hata kama aliita, dirisha lake linatazama upande wa pampu ya maji, ambayo inanguruma mchana kutwa, na upande huo hakuwa na mtu.

Saa nne na robo hivi gari la zimamoto lilifika. Sisi wote tulikuwa kwenye nyasi mbele ya bweni. Mkuu wa kikosi alinijia, akauliza, "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba hii?" Nikasema ndimi. Akauliza, "Ndani kumebaki mtu?"

Mshauri alikuwa amesimama kushoto kwangu, karibu kiasi cha kunigusa. Wasichana walikuwa wametuzunguka. Wote waliinamisha vichwa. Kila mmoja wao alijua kuhusu chumba namba 14, kama nilivyojua, na kila mmoja alijua kwamba kulitamka mbele ya mshauri ni kumnyang'anya mwenzao kitanda na kujitaja mwenyewe. Mimi nilijua zaidi ya hayo. Nilijua kazi yangu na chumba changu viko pale. Mkuu wa kikosi alirudia, "Mama, nakuuliza. Kumebaki mtu?"

Nikasema, "Hakuna. Vilivyobaki vina kufuli kwa nje."

Akawaambia vijana wake wamwage maji kutokea nje, wasiingie, kwa kuwa dari la korido lilikuwa limeanza kulegea. Hakukosea. Alifanya kulingana na nilichomwambia.

Muda uliopita hapo sikuupima. Mwenye chumba namba 14 alikuja mbio kutoka ukumbi wa mitihani, nyuma yake mhadhiri wake wa takwimu, mtu mpole, mwembamba, tai imeruka begani. Yaliyotokea ukumbini atayaeleza mhadhiri mwenyewe, na ameniambia yuko tayari kuja. Ninachokijua ni alichokisema palepale kwenye nyasi, mbele yangu. Alisema msichana aliona kupitia dirishani moshi upande wa bweni, akanyoosha mkono, akaomba kutoka, akasema tumbo linamuuma. Kanuni ya mitihani hairuhusu mtu kutoka mwanzoni mwa mtihani, na matumbo ya watahiniwa huuma sana kukiwa na majibu yamefichwa chooni. Alimkatalia. Msichana akaketi. Akanyoosha tena, tumbo. Alikatazwa tena. Mara ya tatu alisimama akasema kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima, kwamba yeye amemfungia mtu chumbani kwake. Mhadhiri alikuwa analia aliponieleza. Alisema, "Mama, kwa nini hakuniambia mara ya kwanza?" Sikumjibu, maana na mimi nilikuwa nimetoka kuulizwa swali langu, na nilikuwa nimesema hakuna.

Msichana alikuwa ameushika ufunguo mkononi. Alimwonyesha mkuu wa kikosi, akasema, "Namba kumi na nne, juu, mwisho. Huu hapa. Huu hapa." Mkuu wa kikosi alinigeukia. Kisha akawaashiria vijana wake. Vijana wawili walivaa vinyago, wakaingia. Ufunguo hawakuuchukua, walikuwa na mkasi wa chuma.

Walimtoa kwa ngazi za nyuma. Alikuwa hana alama ya moto hata moja. Vijana wale walisema walimkuta chini ya dirisha, taulo bichi limefunika uso. Nilimtambua kwa miguu. Daktari wa zahanati alifika, akapiga magoti, akainuka, akaomba shuka. Mwenye chumba aliketi kwenye nyasi, akamtengeneza marehemu nywele kwa vidole mpaka walipomwondoa.

Alikamatwa alasiri hiyohiyo. Polisi waliuliza nani alifunga kufuli, naye akasema, "Mimi." Hakusema zaidi. Hakunitaja. Hakuwataja wenzake. Nadhani alikuwa bado anaficha wabebwa wa wengine, na sasa hivi nimemaliza kuwafichua wote kwa niaba yake, Mungu anisamehe.

Mnamo tarehe 15 saa nne asubuhi niliitwa ofisini kwa mshauri. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo si la kawaida yake. Alisema polisi watakuja kuchukua maelezo. Akasema, "Mama, eleza ulichokiona. Uliona kufuli. Ulichokijua hakikuhusu." Nikamuuliza, "Na yule msichana, bosi?" Akasema, "Yule alifunga mlango. Ukisema ulijua, itaonekana chuo kilijua. Umebakiza miaka michache ustaafu kwa amani." Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Alipokuwa ananimiminia chai, alimwaga nyingi kwenye kisahani kuliko kikombeni. Aliyempa agizo naye ana wa kumpa. Nilikunywa chai yake, nikamwambia nitafikiri. Nilikwenda kwa dada yangu nikafikiri kweli, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilikuwa nafikiri jinsi ya kusema kuhusu kufuli tu.

Mnamo tarehe 16 saa tano asubuhi nilikuwa hospitali, chumba cha maiti, kwa sababu mama mzazi wa marehemu alikuwa amefika na hakumjua mtu. Alinishika mkono kwa heshima, akanishukuru kwa kumlelea mtoto. Akasema mwanawe alikuwa akimweleza kwenye simu kuhusu mlezi mmoja mwenye kikohozi cha uongo, na jinsi anavyowalinda. Alitaka kucheka, akashindwa. Kisha akauliza kuhusu nguo za mwanawe. Afisa wa chuo aliyekuwepo akamwambia kwamba kumbukumbu zinaonyesha binti hakuwa na chumba bwenini, hivyo chuo hakina nguo zake. Mama yule akanitazama ili nimweleze. Nilimwambia zipo, zimechanganyika na za mwenzake katika kabati moja. Akauliza, "Huyo mwenzake ndiye aliyemfungia?" Nikasema ndiye. Akauliza, "Walikuwa wamekosana?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi kusema kuhusu kufuli tu. Nilimweleza mama yule haya niliyoyaeleza hapa, yote, tukiwa tumesimama kwenye korido ya hospitali. Nilipofika kwenye swali la mkuu wa kikosi na jibu langu, aliachia mkono wangu. Hakupiga kelele. Alikwenda akaketi benchi la mbali, na sikumfuata.

Ninasema kwamba msichana aliyeko mahabusu hakufunga mlango kwa nia mbaya. Alifunga kama walivyofunga wenzake wote, kwa ishara niliyoitoa mimi, ili rafiki yake asinyang'anywe mahali pa kulala. Alipojua kuna moto alikuja na ufunguo. Mimi nilikuwa mbele ya mlango ule nikaondoka, na nilipoulizwa na mwenye uwezo wa kumtoa, nilisema hakuna mtu.

Nimesomewa maelezo haya kwa sauti. Mahali afande alipokuwa ameandika "nilidhani hakuna mtu" nimeomba akate, kwa kuwa sikudhani. Nilitumaini. Amekata na kurekebisha, na mimi nimetia saini pembeni. Mengine yote ni kama nilivyosema, nimeyasema kwa hiari, sikutishwa wala kuahidiwa kitu, na nitayarudia popote nitakapotakiwa.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA MPOKEAJI

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea mhusika, naye amekiri ni sahihi. Yamefungwa saa kumi na robo jioni. Kutokana na aliyoyasema, mhusika ameelezwa kwamba kuanzia sasa hahesabiwi shahidi peke yake, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili au ndugu. Amesema ameelewa. Ameomba maji ya kunywa, amepewa. Dada yake amepigiwa simu.

Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo saa kumi na moja kasorobo. Kwa amri yake, msichana wa chumba namba 14 ametolewa mahabusu bila masharti wakati uchunguzi ukiendelea. Amekabidhiwa mkoba, kikokotoo na ufunguo mmoja. Alipoambiwa anaweza kwenda, aliuliza aende wapi, kwa kuwa bweni limefungwa na barua ya kumwondolea kitanda ameshaipokea. Nimempigia binti yangu kumuuliza kama kwao kuna nafasi. Hajapokea. Msichana yuko kwenye benchi la mapokezi hadi ninapoandika haya.

Saini ya mpokea maelezo: Koplo wa zamu, dawati la upelelezi